Tunachangia Harusi, Wao Wananunua Gari la Zimamoto

Jumamosi nilikuwa kwenye mnada wa kuchangia kikosi cha zimamoto cha mji mdogo ninaoishi, huku Lancaster, Pennsylvania, na nimerudi nyumbani na furaha iliyochanganyika na uchungu. Nayasema yote mawili. Anayetaka kukasirika akasirike, lakini anisome mpaka mwisho.

Furaha kwanza. Dalali aliinua kigari chekundu cha kuchezea, kile cha kuvuta kwa mkono, cha zamani ila magurudumu mazima. Mbele kabisa alisimama mtoto wa Kiamishi, wale Wakristo wa huku wanaoishi kizamani, kwa farasi na mikokoteni, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, noti zimekunjwa ndani ya ngumi. Bei ikaanzia dola tano. Mtoto akainua kadi yake ya namba. Nyuma yangu walikuwepo wanaume wawili ambao muda mfupi kabla walikuwa wakipandishiana bei ya jembe la farasi bila kuoneana haya. Niligeuka kuwatazama. Wote wawili wamekunja mikono kifuani. Na yule dalali, ambaye kwa kitu kingine chochote angewabembeleza watu mpaka sauti imkauke, alizungusha macho mara moja tu, akapiga nyundo. Imeuzwa, dola tano. Umati wote ule, na hakuna aliyekuwa ameambiwa anyamaze.

Minada hii hufanyika hasa barafu inapoanza kuyeyuka, Februari na Machi, kwenye viwanja vya vituo vya zimamoto, na tope linafika kwenye vifundo vya miguu. Madalali kadhaa wananadi kwa pamoja: huku farasi na mikokoteni, kule makabati na vitanda, ndani ya jengo mablanketi ya viraka. Niliinama kuangalia moja kabla halijapandishwa jukwaani. Mishono ya mkono, midogo kama punje za ulezi, kutoka pembe hadi pembe. Mtu amekaa majira yote ya baridi akishona, kisha amelitoa. Kuna bidhaa nyingine mwenyewe anachukua chake na kikosi kinabaki na kamisheni, lakini blanketi hili lilitolewa lote, mpaka senti ya mwisho. Mzee mmoja alinunua pai, akalipa, akairudisha mezani inadiwe upya. Aliyefuata naye akairudisha. Sijui ni nani hatimaye aliyeila.

Na fedha zile zinakwenda wapi? Zinanunua mipira ya maji, pampu, mitungi ya hewa, na kidogo kidogo gari lenyewe. Wazimamoto wa hapa hawalipwi mshahara. Ni mkulima, ni fundi bomba, ni dereva wa lori. King'ora kikilia anaacha chakula mezani. Sehemu kubwa ya vikosi vya zimamoto Marekani ni vya kujitolea namna hii, na mtindo wenyewe ni wa zamani: Benjamin Franklin na wenzake walianzisha chao Philadelphia mwaka 1736. Waamishi hawaendeshi magari, dini yao haiwaruhusu, lakini wapo walio wanachama wa kikosi. Wanapanda gari linaloendeshwa na jirani, wakifika wanashika mpira wa maji kama wengine.

Sasa uchungu. Mimi ni mtu wa ziwani, Musoma Vijijini. Nimesimama pale na bakuli la supu ya kuku na mahindi, nikalifikiria ziwa letu la Victoria, na koo likanikaba.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja alisaidia kuufungua mlango kwa kasia. Kasia! Watu 24 walitoka hai, 19 walikufa. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nani waliwahi kabla ya wengine wote? Wavuvi. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba nimekwenda ughaibuni nikagundua watu wenye utu. Utu nimezaliwa nao ndani ya nyumba. Yule kijana wa Bukoba angekuwa mzaliwa wa huku, angekuwa ndiye mkuu wa kikosi cha mji huu, na kwenye mnada angepigiwa makofi.

Ninachouliza ni kitu kimoja, na nitakirudia hata mkichoka. Kwa nini alikuwa na kasia tu?

Kwa nini kwenye mwalo wa kwetu, pale wavuvi wanapoteremshia samaki, hakuna boti moja yenye injini, kamba ndefu na majaketi ya kuokolea, inayongoja? Mtanijibu hela hakuna. Jamani, hela hakuna? Kijiji hicho hicho, ndugu yangu akioa, kamati inakaa mwezi mzima. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kuna kundi la WhatsApp ambalo ukichelewa kutoa ahadi yako unatajwa jina asubuhi na jioni. Zinapatikana hela za ukumbi, za mapambo, za mpiga picha, za sare za kitenge, na za send-off juu yake. Akifa mtu, hata asiye na kitu, watu wanakesha, sufuria zinawaka, jeneza linapatikana, gari la kusafirisha mwili kutoka Mwanza linapatikana. Sisemi vibaya, hilo ndilo ninalojivunia mbele ya watu wa huku. Huku nimeshahudhuria msiba uliokwisha kwa muda wa misa moja, watu wakala keki wakaondoka, mjane akabaki na televisheni. Kwetu hiyo haiwezekani. Mjane wa kwetu atalalamikia kelele, hatalalamikia upweke.

Lakini tunachangia siku. Siku ikipita, mchango umekwisha nayo. Tunachangia bahati njema iliyokwisha kufika au bahati mbaya iliyokwisha kutokea. Hawa watu wa Lancaster wamekusanyika kwenye tope na baridi kuchangia moto ambao haujawaka, katika nyumba ambayo hawajui ni ya nani. Inaweza kuwa ya yule wanayegombania naye jembe. Hilo ndilo lililonikaba, wala si uzuri wa mablanketi.

Nilipomwambia kaka yangu haya, alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Wewe, wenzako wana hela. Mtu mwenye shamba la ekari mia anashindwaje kutoa blanketi?" Kaka, nakuheshimu, ila hapo sikubali. Kwanza usidhani nchi hii ni pepo. Nchi yenye hela zote hizi, na bado ukienda kununua petroli unakuta kopo kwenye kaunta limebandikwa picha ya mtoto mgonjwa, watu wadondoshee chenji ili atibiwe. Nikiliona lile kopo huwa nakasirika kweli. Pili, hao Waamishi hawaringi hela. Wanalima, wanajenga, hawategemei pensheni ya serikali wala bima kama majirani zao. Ghala la mmoja likiungua wanakuja wote na nyundo kulisimamisha upya. Huku huku Lancaster kuna kliniki iitwayo Clinic for Special Children, aliyoianzisha daktari Holmes Morton mwaka 1989 kwa ajili ya watoto wenye magonjwa ya kurithi, na mengine kati ya hayo yanawapata sana watoto wa Kiamishi na Kimennonite. Jengo lake la kwanza, kule Strasburg, lilisimamishwa na mikono ya wanajamii wenyewe, na minada inachangia kuiendesha. Wazazi hawakungoja mtoto afe ndipo wachange.

Tena hawa si wageni kwetu. Wamennonite, ndugu wa kiimani wa Waamishi, walitoka Lancaster hii hii wakafika Shirati mwaka 1934. Mtu wa Mara asiyeijua hospitali ya Shirati simjui.

Mwingine ataniambia, "Hiyo ni kazi ya serikali, sisi tunalipa kodi." Unalipa, nami nakuunga mkono uidai haki yako kwa sauti kubwa. Usiache kuidai. Lakini shule za kata ulizingoja? Mpango ule wa sekondari ulipoanza mwaka 2004, nani alifyatua matofali? Mama yangu alibeba mawe na maji kichwani, na madarasa yapo mpaka leo. Tulichangia kitu kisicho sherehe wala msiba, kwa ajili ya watoto ambao wengine walikuwa hawajazaliwa. Kumbe tunaweza, na tumeshafanya.

Na mnada wenyewe hakuna wa kutufundisha. Jumapili baada ya ibada, nje ya kanisa, nani hajauona? Mzee wa kanisa ameshika jogoo miguu juu: elfu kumi, mara ya kwanza! Trei ya mayai, mkungu wa ndizi, ndoo ya dagaa, muwa mmoja unauzwa bei ya mfuko wa sukari. Mtu ananunua jogoo, halafu anasema, "Mpeni bibi yule aliyekaa pale." Bibi anaficha uso kwa khanga akitabasamu. Nimekulia kwenye minada hiyo. Ule ukarimu wa kurudisha pai mezani nilikuwa naujua kabla sijapanda ndege, na niliwaambia majirani zangu wa huku hivyo hivyo, kwa fahari, wakanisikiliza.

Basi hoja iliyobaki ni wizi. Hii naijua, na ndiyo inayoniumiza kuliko zote, kwa sababu wanaoisema hawasemi uongo. Mchango wa kijiji ukikusanywa, mwaka unaofuata huoni boti wala huoni risiti, na ukiuliza unaitwa mchochezi. Huku nimeona mahesabu yakisomwa mbele ya watu: kilichopatikana, kilichonunuliwa, kilichobaki. Lakini hata hapo sikubali kwamba uaminifu ni mali ya Wazungu. Kina mama wa vikoba, shangazi zetu hao hao, wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote wamekaa, na kila shilingi inahesabiwa kwa sauti. Mama mdogo wangu hajamaliza darasa la saba, na hakuna mhasibu atakayempiga chenga. Kwa nini akina mama hao tunawaita kuja kupika kwenye harusi, badala ya kuwakabidhi hazina ya kijiji?

Mtasema nimekuwa Mzungu. Semeni. Aliye mbali ana deni la kusema anachokiona, na mimi pia kila mwezi natuma mchango wa harusi ya mtu nisiyemjua, kwa hiyo nina haki ya kuuliza hela yangu inafanya nini.

Kwenye kundi la ukoo nimeshaweka pendekezo. Desemba watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na Arusha, tufanye mnada mwaloni, siku moja, kabla ya Krismasi. Kila nyumba ilete kitu: kuku, wavu, mkeka, gunia la mihogo, hata ndoo ya nyanya. Nami nitatuma blanketi la viraka kutoka huku, tulinadi. Tuanze na majaketi ya kuokolea na kamba, injini ifuate mwaka mwingine. Wavuvi wenyewe wachague vijana wa kuitunza boti, na hela ikae kwenye sanduku la kina mama. Ahadi tatu zimeshaingia. Kaka bado anabisha, anataka kujua nani atashika ufunguo wa tatu, maana hamwamini mtu. Nimemwambia aushike yeye.