Gari inadai kodi

Siku ya kwanza namwambia mke wangu kwamba gari imetoa kodi, alishika kiuno palepale mlangoni. "Kodi tena? Si tumelipa ya miezi sita juzi tu hapa?" Nikamwambia sio ya nyumba, ni ya injini, ile namba ya kosa inayotolewa na kompyuta ya gari, inaitwa P0171. Akaniangalia kama mtu aliyepigiwa simu na matapeli akatuma hela, afu akauliza, "Haya, na hiyo P ndo shilingi ngapi?" Nikacheka sana, nikamwona hajui magari. Sasa hivi nikipiga hesabu naona mafundi wote niliopita kwao hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana kama hilo.

Ngoja nianzie nyuma kidogo. Naendesha Toyota IST, nakaa Tabata hapa Dar, kazini Posta mjini, na mama mkwe wangu anakaa Goba, tena Goba ile ya ndani ndani, unaiacha lami afu unabaki na makorongo na dua. Gari nilikuwa nimenunua haina hata mwezi, ikabidi twende tukamwonyeshe. Na ukweni bwana huendi na gari chafu. Nje nikaosha, ndani nikapaka ile dawa ya dashibodi mpaka usukani ukawa unateleza kama kambale, bado roho haijatulia, nikafungua boneti. Aliyenituma simjui. Mama mkwe toka azaliwe hajawahi kufungua boneti ya mtu, ila mimi kichwani nilishaona kabisa ataomba afunguliwe akague. Basi nikachukua mswaki wa zamani na sabuni ya unga, nachomoa mpira huu nausugua narudisha, nachomoa ule nausugua narudisha, mpaka injini ikawa inang'aa kama vyombo vya kabatini vinavyosubiri wageni. Nikapiga stata ikawaka palepale. Nikajisemea kumbe hawa mafundi wanatula bure tu.

Goba tukaenda vizuri, tukala pilau, mama mkwe akaizunguka gari akaisifia rangi. Jioni tunaaga, nimetoka getini, hata lami hatujaifikia, taa ya injini hiyoo, ya njano, ile yenye umbo la kama birika limebinywa. Kwenye kioo namwona mama mkwe bado anapunga mkono.

Fundi wa kwanza yupo mtaani kwetu chini ya mwarobaini. Hakuuliza chochote, akachomoa taminali ya betri, akawasha sigara, akavuta ikaisha, akarudisha taminali. Taa hakuna. "Hiyo sensa ilijisahau tu boss, elfu kumi." Nilimlipa kwa furaha mpaka nilipofika barabarani nikawasha redio. Imejifunga, inaandika Kijapani kioo kizima, inadai kitu ambacho sikijui na hakuna wa kuniambia. Mpaka leo naenda kazini nasikiliza honi za daladala.

Wiki ikapita, naenda Posta narudi, kimya. Jumapili tukaenda tena Goba. Kwenda salama, kuondoka tu, taa. Nikamrudia mwarobaini, akachomoa, ikazima, wiki mbili kimya, tukaenda Goba, kuondoka, taa. Mara tatu! Na kila mara ni wakati wa kuondoka, wakati wa kwenda hata siku moja haijawaka.

Sasa hapa niseme ukweli wangu. Kuna laki tatu ya mahari nilikuwa nimebakiza. Nilisema nitamalizia, na nitamalizia, ila ndo hivyo, maisha. Kwa hiyo taa ilivyowaka mara ya tatu kwenye kona ileile, mimi sikuwaza mambo ya sensa tena. Usiku nikamuuliza mke wangu kwa upole kabisa, "Hivi mama yako ana kinyongo na mimi?" Akasema wala, anakupenda tu. Jibu hilo likanitisha zaidi. Jumapili iliyofuata nikapaki nje, mbali na geti, nikamwambia mama mkwe kwamba gari inapenda kivuli. Huko nje hakukuwa na mti hata mmoja. Kuondoka, taa ikawaka kama kawaida.

Nikaenda kwa fundi wa pili, huyu ana mashine ya kupimia. Chini ya usukani kuna tundu lina pini 16, akachomeka waya, kioo kikatoa P0171. Nikauliza maana yake. "Sensa ya oksijeni imekufa." Akasema haraka hivyo, kama mtu anayekwambia saa. Nikanunua sensa ya mtumba, laki na ishirini pamoja na ufundi. Goba, taa. Nikarudi, akasema basi nozeli, zile za kumwagia petroli kwenye injini, zimeziba, elfu sitini kusafisha. Goba, taa. Akasema plagi hizo, nne, elfu themanini, na kwa kweli plagi zilikuwa zimechoka, sitamsingizia. Goba? We unadhani nini.

Fundi wa tatu alinisikiliza vizuri kuliko wote, mpaka nikamwonea huruma, afu akasema, "Kwani mkuu, gari inatembea?" Inatembea. "Kinachokusumbua ni taa?" Ni taa. "Basi tuitoe taa." Alikuwa ameshashika bisibisi. Nilimkatalia, ila alinifumbua macho, maana wengine wanauziwa gari zilizofanyiwa hivyohivyo. Ukienda kununua gari ya mkononi, washa switchi bila kupiga stata, hiyo taa lazima iwake pamoja na zingine, ukiwasha injini ndo izime. Kama haijawaka kabisa, usimsifie muuzaji kwamba gari nzima, kuna mtu alishaitoa.

Nikasema basi, ntajitibu mwenyewe. Nikashuka Kariakoo nikanunua kile kidude cha bluetooth cha kusomea injini, elfu thelathini, nikapakua programu kwenye simu. Simu yangu inatafsiri kila kitu yenyewe, nikachomeka, ikasoma, ikaniandikia kwa Kiswahili safi: "Mfumo umekonda sana, Benki 1." Nikakaa kimya kwenye kiti. Kwamba benki imekonda nilikuwa najua, ila gari imejuaje?

Kumbe benki ni upande wa injini tu, na kukonda maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Nikakesha nasoma. P ni mambo ya injini na gia, herufi zingine zipo za bodi, za chini kwenye breki na za mawasiliano, sifuri inayofuata maana yake kodi hiyo ni ya magari yote, 1 ni mambo ya hewa na mafuta, hiyo 71 ndo kosa lenyewe. Injini ya petroli inataka hewa kama kilo 14.7 kwa kilo moja ya petroli, kompyuta inapima hewa inayoingia, inamwaga petroli kwa hesabu hiyo, sensa ya oksijeni inanusa moshi inarudisha majibu. Sasa pale usiku wa manane ndo nikaelewa kwamba sensa niliyoitupa laki na ishirini ndo ilikuwa inasema kweli! Ilikuwa inanusa hewa imezidi inaripoti, sisi tukaiua kwa umbea. Ni kama mtoto anakwambia tumbo linauma, we unambadilisha tumbo badala ya kumuuliza amekula nini.

Elimu hiyo ingenisaidia mimi ingekuwa vizuri, ila iliwasaidia majirani. Jirani wa mbele gari yake ikawa inakohoa, taa inawaka inazima inawaka inazima, nikamwambia ikipepesa hivyo usiendeshe, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye katalaiza, kile chombo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, ukaiharibu. Nikachomeka, P0302, silinda ya 2 haiunguzi. Akabadilisha plagi hiyo, ikapona. Jamani, sifa! Jioni napanga foleni ya magari uani, vijana wananiita dokta, kuna mmoja aliniletea bajaji. Mke wangu akipita anauliza leo umekusanya kodi za nani. Na IST yangu ipo palepale pembeni na taa yake ya njano. Yule yule jirani niliyemponyesha akaitazama, akanitazama, akasema, "Mganga hajigangi, eh?"

Halafu mama mkwe akaja mjini kliniki, nikampa lifti kumrudisha. Tumesimama kwenye foleni pale Mbezi Mwisho, akaegemea mbele akatega sikio. "Mkwe wangu, humu mna gesi inavuja." Nikamwambia hapana mama, gari hii haitumii gesi. "Nasikia sssss. Kama mtungi haujakaa sawa." Nikamwelezea, kwa heshima zote, habari ya uwiano wa hewa na petroli, silinda, benki ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa baba. Ila inavuja."

Nikamfikisha, nageuza nirudi, taa. Sasa hapohapo Goba, unapoikuta lami, kuna fundi mzee ana kibanda cha mabati, nimempita mara kibao sijawahi kusimama kwa sababu hana mashine. Siku hiyo nikasimama. Nikaanza kumsomea kodi zangu toka mwanzo, akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akafungua boneti, gari inaunguruma, akainama na sikio kama anasikiliza mgonjwa wa kifua. Akaingiza mkono nyuma kule, akaminya mpira mmoja mnene kama kidole gumba, injini ikabadilika sauti palepale, ikatulia. Akaachia, sssss. Akaminya, kimya.

"Hii hewa inaingilia huku pembeni," akasema, "haijapita kwenye kipimo. Kompyuta haijui kama ipo. Ukiwa kwenye lami mpira unakaa, ukija huku kwenye makorongo injini inacheza, unavutika." Nikamuuliza sasa mbona inawaka wakati wa kuondoka tu ukweni? Akacheka. "Kosa kama hili gari haisemi mara ya kwanza. Inaliona, inaweka moyoni. Likijirudia safari ya pili ndo inawasha taa. Wakati wa kuja imeliona, wakati wa kurudi inakusemea." Miezi mitatu mimi namhisi mama wa watu!

Afu akauliza, "Klipu yake iko wapi?"

"Klipu gani mzee?"

"Ya kubania hapa. Kaduara ka chuma, kana masikio mawili. Ukiyabana masikio kanapanuka, ukiachia kanakaza."

Wee. Nilihisi miguu inakuwa ya baridi. Kaduara hako nakajua. Nakaona kila siku asubuhi, nakabana masikio, kanapanuka, nakavua, nachota vijiko viwili naweka kwenye chai, narudishia. Kapo kwenye shingo ya mfuko wa sukari jikoni kwangu. Yaani nilikuwa nakaa pale na kikombe, natukana mafundi, nimekashika mkononi.

Mzee alinifungia na waya kwa muda, nikaendesha mpaka nyumbani bila kusema neno. Mke wangu nikamkuta jikoni. Nikamuuliza hiki kidude umekitoa wapi. "Uani, siku ile uliyoosha gari. Nikaona kinabana vizuri." Mbona hukuniambia? "Uliniuliza?" Nikamwambia naomba nikirudishe kwenye gari. Akaushika mfuko wa sukari akauweka kifuani. "Ukitoa hicho sisimizi wote wa Tabata watahamia humu. Nunua kingine."

Nikanunua kingine, elfu mbili. Ukijumlisha mwarobaini, sensa, nozeli, plagi na kidude changu cha bluetooth, na kwa mwarobaini nimehesabu siku moja tu maana zingine naona aibu, inakuja laki tatu kamili. Namba hiyo mnaikumbuka. Taa haijawaka tena, na sukari yetu imebanwa na spea orijino kutoka Japani.

Nikaona uungwana nimpigie mama mkwe nimwambie alikuwa sahihi, ilikuwa inavuja. Akafurahi sana, akaniombea dua ndefu, nikaitikia amina. Afu sauti ikashuka kidogo. "Sasa mkwe wangu, maadamu gari imepona na hela haziendi tena kwa mafundi..."

Nikamwambia mama, halo, halo, mtandao huku Tabata unasumbua.