Mataruma ya Jahazi Kwenye Tope la Tudor

Maji yakipwa hori ya Tudor, hapa Mombasa, mataruma ya jahazi moja, zile mbavu zake za mbao, hutokeza topeni. Kila mwaka yanapungua. Watoto huyafungia kamba za vidau vyao, na ami yangu, baharia wa zamani, huumia moyo akiyaona.

Ndiye aliyenionyesha. Alitia kidole kwenye tundu la msumari, likatoka vumbi la kutu, kisha akaniambia chombo kile kilikuwa kikishuka na boriti kutoka Lamu wakati wa kaskazi, na kusi ikivuma kinapanda na unga na sukari. Hakikuvunjwa na dhoruba. Kilipwelezwa kipate kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa kwa pamba, mwenyewe akapiga hesabu ya pamba, sifa (mafuta ya samaki ya kupaka mbao) na ujira wa fundi, akaona lori huleta mzigo bila kungoja upepo. Akakiacha papo hapo. Kwangu hiyo nayo ni ajali ya chombo, tena chungu kuliko ya mwamba.

Pale Ngomeni, Fort Jesus, tumehifadhi vitu vya Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mwaka 1697 Waomani walipoizingira ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980. Ni kazi njema, na wanangu nimewapeleka wakaione. Lakini meli ile ilikuja na vita. Jahazi lilituletea nyumba: dari za Mji wa Kale zimelala juu ya boriti, na upana wa vyumba vya wazee wetu ulifuata urefu wa boriti hizo. Mbona jahazi halina hata kibao cha maelezo?

Mtepe tumeshaupoteza, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake mkeka. Leo tunautazama kwa mifano midogo ya makumbusho. Jahazi bado lina watu wanaolijua, na mimi naona ni wajibu wa makumbusho na wa sisi wenyeji kuwarekodi sasa. Ami akisema mkuku, foromali, joshi, mikono yake hufuata kila neno, nami huelewa kwa kuitazama hiyo mikono. Kamusi haina mikono.

Ana miaka 81. Jumamosi, maji yakipwa, tunarudi Tudor na futi na daftari. Yeye atataja, mimi nitapima.