Hotpoti Hairudi Tupu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi, mlango unagongwa. Kwa mpangaji, mlango ukigongwa saa hiyo ni msiba au mwenye nyumba. Nikajifunga shuka, nikasafisha koo nitoke na sauti ya baba mwenye familia yake, nikafungua. Mtoto wa Mama Zuhura, chumba cha tatu, kasimama kidole mdomoni.

"Shikamoo Baba Neema."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Mama anasema anaomba hotpoti yake."

Ndugu zangu, hotpoti hiyo ilikuja Idi ya kuchinja. Juni. Sasa ni Desemba. Ilikuja na pilau ambalo nyama zake unaziona kwa macho, hutafuti kwa kijiko, tukala mpaka ukoko. Nikageuka kuangalia ndani. Juu ya ndoo ya maji ya kunywa kulikuwa na kifuniko chake, rangi ya damu ya mzee, kimepasuka ukingoni. Nikakichukua nikampa.

"Mwambie mama hiki kitangulie. Mwili unakuja."

Mtoto akaondoka anakipiga kama dufu. Ninyi mnaopanga Majengo hapa Moshi mnajua kwamba saa ile nilikuwa nimeshakwisha. Chombo cha jirani hakirudi tupu. Aliyetunga sheria hiyo hakuwahi kuishi nyumba ya vyumba sita, dini nne, bomba moja. Idi ndogo inaingia na tambi, Pasaka inaingia na mtori wa Mama Eliya, kila sahani inakuja na furaha yake na kuniachia deni lake. Mwalimu Msabato wa chumba cha tano namheshimu sana: Ijumaa jua likizama makande yameshaiva, jiko limelala, hakuletei kitu na hakudai chombo. Na bosi wangu wa Kihindi, Diwali anatugawia ladu na jalebi kwenye boksi la karatasi. Ukimaliza unatupa. Hapo kuna mtu aliyemfikiria mpangaji.

Na siwezi kujificha nyuma ya dini. Mimi Mpare wa Usangi. Kwetu baba mdogo anaadhini, shangazi anaimba kwaya ya Walutheri, na mbuzi wa sikukuu zote ni yuleyule mmoja.

Sasa mwili wa hotpoti uko wapi? Uko Marangu. Mwezi wa kumi na moja mtoto wa shemeji yangu alipata kipaimara. Mke wangu akaona haya kwenda mikono mitupu, akajaza maandazi kwenye hotpoti ya watu. Kifuniko kilibaki kwa sababu maandazi yalizidi. Ningekuwa Mpare wa zamani ningeshaipeleka hii kesi baraza la kata. Nikavaa shati la kola, nikaenda stendi.

Kwenye hiace nilikaa nusu, nusu nyingine alikalia mama mwenye kuku wawili. Magari yenye watu wa Dar yameshaanza kupanda mlimani na bei ya ndizi inapanda nayo. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Nikafika. Shikamoo mama, marahaba Baba Neema, karibu, mbona ghafla, wote wazima? Nikasema nilikuwa napita tu. Mtu anapita Marangu akitokea Majengo akielekea wapi, labda kileleni. Nikakaa kiti cha wageni, nikainua macho, nikaiona. Kabati la vioo, rafu ya katikati, kitambaa cheupe cha kufuma. Kushoto picha ya harusi yetu, mimi nimevaa suti ya kuazima. Kulia kalenda ya kanisa ya mwaka juzi. Katikati hotpoti ya Mama Zuhura, imejaa maua ya plastiki.

"Naona unaangalia maua," akasema mama mkwe. "Mlivyoleta bila kifuniko nikajua hiki ni cha maua. Nimewaambia wenzangu wa kwaya, mkwe wangu ni Mpare, lakini njooni muone."

Hiyo "lakini" ndiyo iliyonimaliza. Miaka kumi na moja ya ndoa nimekuwa nikiitafuta, nimeipata kwa hotpoti isiyo yangu.

Nikanywa maji kwanza. Nikazunguka kwa mbali, kama mkwe anavyotakiwa.

"Mama, kile chombo kifuniko chake kipo nyumbani. Kinapata tabu peke yake."

"Kileteni."

"Nilikuwa naona nikichukue chombo, nikakikutanishe nacho huko huko, halafu..."

Akaweka kisu chini. Alikuwa anamenya ndizi. "Baba Neema. Chombo kilikuja na maandazi. Kirudi tupu?"

"Mama, kinaweza kurudi tupu. Mimi sina kinyongo kabisa."

"Mimi ninacho. Unataka watu wa hapa wanione sikufundwa? Subiri Krismasi tuchinje, kitateremka na nyama."

Fikirieni hapo. Sheria inayonidai Majengo ndiyo hiyohiyo inayonifungia Marangu. Kule siwezi kuirudisha tupu, huku hawawezi kunirudishia tupu, na wote wananiambia kwa upendo. Nilitaka kusema ukweli, Mungu ananiona, nilishafungua mdomo. Lakini kumwambia mama mkwe zawadi uliyoiweka kwenye kabati ni ya Mama Zuhura, hiyo talaka haiandikwi na mke, inaandikwa na ukoo mzima na nakala inakwenda kwaya. Nikaletewa mbege. Mbege yenye ulezi wa kutosha siku zote inakubaliana na mama mkwe. Jagi la pili nilikuwa nasifia maua.

Kuondoka, akanipakilia ndizi mshare kwenye beseni la bluu, akalifunga kwa kanga, akanisindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote.

"Beseni mje nalo Krismasi," akasema. Hakuongeza neno. Na mimi sikuuliza lije na nini.

Nimeingia Majengo giza linatanda, beseni kichwani, mtu mzima. Mke wangu yuko mazoezi ya kwaya. Bombani yuko nani? Mama Zuhura. Kashika kifuniko. Sijui alikuwa anakiosha au alikuwa ananisubiri nacho, ila alikigeuza upande wa ufa ukanitazama mimi. Haya ikanishika, nikatua beseni pale pale.

"Mama Zuhura, hizi ndizi zako. Hotpoti inakuja, ina... ina safari kidogo."

"Jamani Baba Neema! Zote hizi? Mungu akubariki." Akabeba, akaingia nalo ndani na kanga yake, akachungulia mlangoni. "Beseni nitalirudisha Idi. Siwezi kukurudishia tupu."

Idi ni Machi. Beseni linatakiwa Marangu Krismasi.

Na hiyo Machi yenyewe ni mpaka mwezi uandame. Maana nao mwezi nimeuchoka. Waislamu wanausubiri mwembamba, na hapo kuna wa kuuangalia hapahapa na wa kusikia umeonekana nchi za mbali, kwa hiyo nyumba moja inaweza kula pilau siku mbili. Wakristo Pasaka yao wanausubiri ujae kuanzia tarehe 21 Machi, halafu wanasubiri tena Jumapili. Bosi wangu Diwali anautaka usionekane kabisa. Mwezi ni mmoja, kila mtu anautaka kwa umbo lake, na mimi karani wa stoo nasubiri wa mshahara ambao hauandami.

Nimekaa kizingitini na simu napiga hesabu. Mwaka wa Kiislamu una siku kama 354, kwa hiyo Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, Krismasi imekaa palepale. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena Desemba, Krismasi ikiwa haijapoa. Nitamrudishia Mama Zuhura chombo cha Krismasi mchana huku amefunga? Nikae nacho mpaka magharibi kinapoa? Ya Januari haina shida. Januari wote tunafunga, tofauti ni nia.

Mwenye nyumba peke yake ndiye hana utata. Hasubiri kutangaziwa, hasikilizi redio. Tarehe moja, hata mawingu yafunike Kilimanjaro nzima, kwake umeandama.