Msiba Uletwe na Mtu

Mama yangu alifariki Tanga alfajiri ya Jumatano. Mimi nilizipata habari hizo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, nikiwa chumba cha kubadilishia nguo cha nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Reading, zamu ya usiku ikiisha. Binamu yangu alikuwa ameandika "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un", jina la mama, na saa ya maziko. Chini yake watu 11 walikuwa wameshatoa pole. Mimi, mwanawe wa kwanza, nilikuwa wa 13 kujua.

Nina miaka 14 Uingereza. Sisi tunaotoka kwetu tuna wimbo wetu mmoja: huku hakuna jirani, huku mtu anafia ndani na mlango umefungwa, kwetu ndiko kwenye utu. Nimeuimba sana. Aliyeninyamazisha ni mwanamke aliyekufa 1898.

Njia yangu ya kazini inapita kando ya gereza la zamani la Reading, jengo la matofali mekundu lililo kati ya magofu ya abasia na mto Kennet. Limefungwa zaidi ya miaka kumi sasa, lakini watu bado wanakuja kulipiga picha kwa sababu ya mfungwa mmoja, Oscar Wilde, mtunzi wa tamthilia kutoka Dublin. Naye alikuwa mgeni hapa. Aliingia Oxford 1874, na baadaye alisema lafudhi yake ya Kiayalandi ni miongoni mwa mambo mengi aliyoyasahau huko. Namwelewa. Simu ya kazini ikilia, hata mimi sauti inayoipokea siyo niliyotoka nayo Ngamiani.

London ilimpenda. Mwanzoni mwa 1895 tamthilia zake mbili zilikuwa zinachezwa kwa wakati mmoja katika majumba makubwa ya jiji. Tarehe 25 Mei mwaka huohuo akahukumiwa miaka miwili na kazi ngumu, kwa sheria ya 1885 iliyoadhibu mahusiano ya wanaume kwa wanaume. Sheria za aina hiyo Waingereza walizisambaza mpaka kwenye makoloni yao.

Mimi kilichonikaa moyoni ni walivyolifanya jina lake. Kesi ikiwa bado mahakamani, tamthilia ziliendelea kwa muda, watu wakalipa viingilio na kucheka, ila jina la mtunzi lilikuwa limeondolewa kwenye mabango. Vyombo vya nyumba yake ya Tite Street vikapigwa mnada, pamoja na vitabu vyake na vitu vya kuchezea vya watoto. Wanawe wawili, Cyril na Vyvyan, wakapelekwa nje ya nchi na kupewa jina jingine la ukoo, Holland. Alipokuwa anahamishiwa Reading, Novemba, walimsimamisha kwenye stesheni ya Clapham Junction na pingu mikononi, ndani ya nguo za mfungwa, nusu saa nzima mvuani, huku watu wakimzunguka na kumcheka. Ameyaeleza mwenyewe katika barua ndefu aliyoiandika humu gerezani.

Nimekua nikiambiwa wazungu hawana haya. Kumbe Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walikuwa na haya kuliko bibi yangu wa Pangani. Ila bibi akisema "tumsitiri", anamaanisha mtu: maiti avikwe sanda, binti aliyekosea afichwe na macho ya mtaa, mdeni asitajwe mbele za watu. Hawa walisitiri jina la familia, na mtu wakamwacha mvuani.

Tarehe 3 Februari 1896 mama yake Wilde, Jane, mshairi aliyejulikana Ireland kwa jina la Speranza, alifariki London. Mwanawe alikuwa ndani, hajui. Constance, mke wa Wilde, wakati huo alikuwa Italia na watoto. Alikuwa mgonjwa wa mgongo, tena ameaibishwa na mume huyohuyo mbele ya dunia nzima. Angeandika barua tu, na asingelaumiwa na yeyote. Badala yake alisafiri na maumivu yake, katikati ya baridi, kutoka Genoa mpaka Reading, ili mumewe asiusikie msiba wa mama yake kwenye kinywa cha mtu baki. Akamwambia yeye mwenyewe, mle gerezani. Hawakukaa tena pamoja wakazungumza. Miaka miwili baadaye Constance alifariki Genoa baada ya upasuaji, akiwa na miaka 40, na kaburi lake likaandikwa kuwa ni binti wa fulani. Kwamba alikuwa mke wa Oscar Wilde, hilo liliongezwa 1963.

Siku niliyolijua jambo hili nilisimama chini ya ukuta ule nikalia kilio nilichoshindwa kulia siku ile chumbani.

Maana Constance alifanya kitu ninachokijua. Babu alipofariki, baba alikuwa shambani Muheza. Mjomba wake alikwenda na wazee wawili. Walifika, wakaomba maji, wakauliza mihogo inaendeleaje. Wakamwomba baba aketi. Walimwambia kwanza mzee amezidiwa, kisha wakanyamaza, na katika ukimya ule baba akaelewa, na mikono ya kumshika ilikuwa tayari pande zote mbili. Hiyo ni kazi, ina ufundi wake, na ilikuwa yetu.

Sasa tunabandika. Nimewauliza ndugu zangu, wakanijibu: uko mbali, tungefanyaje? Jibu hilo silikubali. Nyumbani, shangazi yangu anayeishi mtaa wa pili aliusoma msiba uleule kwenye kundi lilelile, akiwa sokoni peke yake. Umbali haukuwa sababu. Na siku ile huku Reading, nchi tunayoisema haina utu, aliyeniona nimekaa sakafuni ni mfanyakazi mwenzangu Mfilipino, naye zamu yake imeisha. Alikaa nami kwenye benchi mpaka saa tano asubuhi, hakuuliza kitu. Wakati huo mama alikuwa ameshazikwa.

Ombi langu kwa mlioko nyumbani ni dogo. Mzazi wa mtu aliye ughaibuni akifariki, kabla hamjaandika popote, tafuteni mtu mmoja aliye karibu naye: wa msikitini, wa kanisani, aliyesoma naye, hata anayemjua kwa jina tu. Mpigieni huyo, aende akagonge mlango. Kundi lisubiri kwa muda wa saa mbili.

Nami hapa nimejitolea, na namba yangu wanayo watu wengi wa Tanga. Nimeshagonga milango minne. Wa mwisho ni kijana mmoja wa Slough, amefiwa na baba yake. Nilipanda treni na chupa ya chai ya tangawizi kwenye mkoba. Alipofungua mlango alicheka kwa furaha kuniona, akasema, "Mama, karibu, vipi leo huku kwetu?" Nikamwomba maji ya kunywa.