Tuache kuwalaza wazazi wetu sakafuni

Mama yangu amepandikiza mpunga Ahero tangu kabla sijazaliwa. Ni kazi ya kuinama, miguu ndani ya matope, kuanzia alfajiri hadi jua la utosini. Mwaka jana mgongo ulipomkaza, majirani walimpa dawa inayoaminiwa karibu kila nyumba huku kwetu Kisumu: toa godoro, tandika mkeka juu ya simiti, mgongo utanyooka wenyewe. Akalala hivyo majuma matatu. Siku niliyokwenda kumjulia hali nilimkuta akijizoazoa kutoka chini, ameshikilia mguu wa meza, machozi yanamlengalenga. Iliniuma sana, na bado inaniuma kila nikisikia mzee mwingine ameshauriwa vivyo hivyo.

Si wanakijiji peke yao walioamini hivyo. Hata madaktari wa ng'ambo kwa miaka mingi walisifu kitanda kigumu. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania: watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, baadhi wakapewa godoro gumu na wengine la ugumu wa wastani, bila wao kujichagulia. Siku 90 baadaye, waliolalia la wastani walikuwa na nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka, na hata shughuli za mchana zilikuwa zikiwasumbua kidogo kuliko wenzao.

Ukiutazama mwili wenyewe, sababu si ngumu kuiona. Mtu akilala ubavu, bega na nyonga ndizo zilizotokeza. Juu ya simiti hazina pa kuzama, kwa hiyo kiuno kinabaki kikining'inia na misuli iliyopaswa kupumzika inakesha ikikishikilia. Godoro lililobonyea katikati lina ubaya wake pia: nyonga zinatumbukia shimoni na uti wa mgongo unapinda kama upinde hadi asubuhi.

Basi tukaenda dukani, mimi na mama. Muuzaji akaanza na lile neno lao: "Mama, chukua hai densiti, hii haibonyei." Neno hilo linahusu uzito wa sponji katika kila mita ya ujazo. Linakusaidia kukisia godoro litadumu kiasi gani, lakini ugumu wake ni jambo lingine, na ugumu ndio mgongo unaousikia. Nikamwomba mama ajilaze. Muuzaji alishangaa kidogo, maana wateja wengi hubonyeza kwa ngumi, wanauliza bei, wanapakia kwenye bodaboda. Mama akalala dakika kumi, chali kisha ubavu. Alipokuwa chali nilipitisha kiganja chini ya kiuno chake. Mkono ukipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwake. Ukikataa kabisa kuingia, amezama. La tatu ndilo lililomkubali. Halikuwa nene kuliko yote wala ghali kuliko yote.

Nyumbani tukagundua kitanda chenyewe kilikuwa na mbao tatu tu chini ya godoro. Fundi wa Kibuye akatukatia nyingine nne. Nadhani magodoro mengi mazuri yanalaumiwa kwa kosa la mbao.

Ila kilichomsaidia upesi zaidi hakikuhitaji pesa. Tulikunja blanketi kuukuu tukaliingiza kwenye foronya, na sasa akilala ubavu huliweka katikati ya magoti ili mguu wa juu usivute kiuno. Akilala chali huliweka chini ya magoti. Kulala kifudifudi nilimwomba aache, kwa sababu kunakunja kiuno na kupindisha shingo usiku kucha. Na kuamka si kuchomoka: hugeukia ubavu, huteremsha miguu, kisha hujisukuma kwa mikono. Halafu hafagii uani mpaka anywe chai. Usiku zile sahani laini zilizo kati ya pingili za mgongo hufyonza maji na kujaa, kwa hiyo kuinama mara tu baada ya kuamka kunazielemea kuliko saa nyingine.

Kuna maumivu ambayo kitanda hakiyawezi. Mguu ukiishiwa nguvu, sehemu za siri zikifa ganzi, mkojo ukigoma au kutoka wenyewe, au mgongo ukiambatana na homa na kukonda, mpeleke mzazi hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo, na kimkutacho mtu kwenye mkeka kitamla kimyakimya.

Mgongo wa mama haujapona wote. Mpunga bado anaupanda. Lakini juzi alinipigia simu kuuliza kama naweza kushona foronya nyingine, ya dada yake wa Awasi ambaye amelala chini tangu Krismasi. Nampelekea Jumamosi.