Modeli ya CAD kwenye FEA: iingie nzima au ipunguzwe?

Kila mchambuzi anayepokea modeli ya 3D iliyochorwa kwa CAD (programu ya kuchora kwa kompyuta) hukutana na swali hili: aiingize kwenye programu ya FEA, inayokokotoa mkazo na mpindo kwa kugawa kipande kuwa vijipande viitwavyo elementi, kama ilivyo, na nembo zake na matundu yake ya skrubu, au aipunguze kwanza?

Wanaotaka iingie nzima wana hoja. Elementi milioni kadhaa hazitishi kompyuta za leo. Zaidi ya hapo, programu nyingi za FEA huunganishwa moja kwa moja na CAD: mchoraji akiongeza unene wa ukuta, wavu wa elementi unatengenezwa upya bila mchambuzi kuanza kazi upya. Kwa kipande kinene cha chuma cha kusubu nakubaliana nao kabisa. Weka tetrahedroni (elementi zenye nyuso nne za pembetatu) za nodi 10, yaani pointi 10 za kukokotolea, uendelee na shughuli nyingine. (Za nodi 4 ziache, zikipinda huwa kakamavu mno, na kipande kitaonekana imara kuliko kilivyo.)

Kwenye bamba jembamba hoja hiyo haisimami. Chukua bamba la mita 1 kwa mita 1 lenye unene wa milimita 2. Ukitaka tabaka mbili tu za elementi ndani ya unene huo, kila moja itakuwa na upande wa milimita 1, yaani vijisanduku milioni 2, na ukivigawa kuwa tetrahedroni unafika milioni 10 au zaidi. Bamba hilohilo likichorwa kama uso wa katikati usio na unene, elementi za gamba (bapa, ambazo unene wake huandikwa kama namba tu) za milimita 20 ni 2,500 tu, na mpindo wake zinaukokotoa vizuri. Hapo kung'ang'ania modeli nzima ni uvivu unaolipiwa na kompyuta.

Faili lenyewe linalobeba modeli kutoka CAD nalo lina mambo yake. Muundo wa faili wa IGES, wa mwaka 1980, mara nyingi hubeba nyuso zilizotawanyika. STEP, yaani ISO 10303, iliyotoka 1994, kwa kawaida hubeba kipande kizima. Lakini hata kwa STEP, kingo mbili ambazo CAD inazihesabu zimegusana, programu nyingine yenye kiwango kikali zaidi cha usahihi itaona kati yao ufa. Ukibonyeza kitufe cha kurekebisha kiotomatiki, ufa unazibwa, na pengine kijiuso ulichokihitaji kinamezwa pia.

Wapunguzaji nao huzidisha. Ukiondoa mviringo wa kona ya ndani, mkazo wa pale hauna kikomo: kila ukipunguza saizi ya elementi, namba inapanda. Mbali na njia ya mzigo, yaani sehemu ambako nguvu hupita ndani ya kipande, futa upendavyo. Pale kipande kinapoweza kupasukia, mviringo ubaki.

Mimi naegemea upande wa kupunguza, ila ndani ya CAD kwenyewe, kama toleo la pili la modeli ileile, ili muunganiko usikatike. Gharama yake ni kwamba mchoraji na mchambuzi lazima wazungumze mapema, jambo ambalo ofisi nyingi hulikwepa. Na baada ya kila badiliko, linganisha ujazo wa kipande kwenye programu zote mbili, kisha kagua kila mzigo umeshika uso gani. Mchoraji akifuta tundu moja, namba ambazo programu hutambulia nyuso zinaweza kusogea, na nguvu uliyoiweka kwenye uso wa beringi ikahamia uso wa jirani bila onyo lolote.