Losheni isiyopendwa mwilini haipakwi, kwa hiyo pimeni na hisia zetu

Kuna watu wanaona kupima hisia za mtu anapojipaka losheni ni mambo ya matajiri waliokosa kazi. Mi nakataa kabisa. Kipodozi hakimsaidii mtu kikiwa kwenye chupa, kinamsaidia akikipaka, na kesho akakipaka tena, na kinachomrudisha kwenye ile chupa ni vile anavyojisikia kikiwa mwilini, sio maandishi ya kwenye lebo.

Chukulia sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, kwa ndugu zetu wenye ualbino. Hapo hatuongelei urembo, tunaongelea saratani ya ngozi. Pale hospitali ya KCMC Moshi inatengenezwa sanskrini ya Kilisun, maalum kwa ajili yao, na kwangu mimi ni moja ya kazi za maana sana zilizofanyika nchi hii kwenye mambo ya ngozi. Sasa sanskrini yoyote ile, iwe ya wapi, hebu mfikirie mtoto wa darasa la nne, saa saba mchana, uwanja wa shule hauna hata mti, kapakwa krimu nzito, jasho linashuka na krimu linaingia machoni, macho yanawasha, vumbi linagandia shingoni, atafanya nini? Atajifuta na mkono wa shati. Kinga yote imeishia kwenye shati, na hapo daktari alishampa ushauri mzuri tu.

Wenzetu wa viwanda vikubwa vya Ulaya hili walishalijua kitambo, ndio maana kiungo kimoja kinabishaniwa maabara kwa miezi. Glisirini inavuta maji, nzuri kwa ngozi kavu, ila ikizidi inanata. Dimethikoni, ambayo ni silikoni, inateleza na kuacha ngozi kama hariri. Mentholi ndio kali zaidi, unahisi baridi wakati ngozi haijapoa, kwa sababu inaamsha kile kile kipokezi cha kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, kinachotambua baridi, na wanasayansi waliokibaini mwaka 2002 kwa kutumia hiyo hiyo mentholi, David Julius na Ardem Patapoutian, walikuja kupata Nobel mwaka 2021 kwa kazi zao za vipokezi vya joto na mguso. Halafu Sweden kuna watafiti walichomeka sindano nyembamba kwenye neva za mkono wa mtu, wakakuta kuna neva zinazoitikia zaidi ukipapaswa polepole, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na mwendo huo huo ndio watu walisema unapendeza zaidi, hayo matokeo yalitoka 2009. Ndio maana mi naona mafuta yanayokwama mkononi yanakuharibia mood hata kabla hujamaliza kujipaka, mkono unashindwa kwenda taratibu.

Sasa kupima kwenyewe. Ukimuuliza mtu "umeipendaje?" atakwambia nzuri, hasa ukiwa umempa bure, sisi ni watu wa heshima bwana. Kwa hiyo watafiti wanamfunga vidude viwili vidoleni vya kusoma jasho dogo dogo linalotoka mtu akisisimka, ila hivyo vinakwambia kasisimka tu, havikwambii kafurahi au kachukia, mpaka usome na misuli ya uso, ule wa shavu unaovuta tabasamu na ule wa kukunja ndita. Kuna na picha za kikatuni alizotengeneza mwanasaikolojia Lang, halafu yeye na mwenzake Bradley wakaandika kuzihusu 1994, mtu anachagua sura inayofanana na anavyojisikia bila kuhitaji maneno. Hizo picha nazipenda, hata bibi asiyejua kusoma ukimwelekeza vizuri anajibu mwenyewe.

Tatizo langu ni hili: hisia hazisafiri. Watafiti wa Geneva walitengeneza orodha ya maneno ya hisia zinazoletwa na harufu, walipofanya kazi hiyo hiyo Liverpool na Singapore orodha hazikufanana, ikabidi kila mahali pawe na yake. Sasa kama Geneva na Liverpool tu wanatofautiana, sisi je? Kwenye majopo ya watu wa kujaribu losheni, mng'ao wa mafuta unaweza kuhesabiwa kasoro. Kwetu mama anampaka mwanae mafuta ya mgando asubuhi, miguu, viwiko, magoti mpaka yang'ae kabisa, kwa sababu mtoto akitoka amepauka watu watasema hana mtu wa kumtunza. Ule utelezi na ule mng'ao kwa mtoto ni kutunzwa, na hiyo ni hisia nzito, huwezi kuipata kwa kumuuliza dada wa Paris. Hivyo hivyo harufu ya liwa au asumini kwa mtu aliyekulia Unguja, ukimpimia kwa orodha ya Geneva utaambulia nini?

Na hali ya hewa nayo usiisahau. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, Dar ni maji karibu mwaka mzima, Njombe mwezi wa saba unayachokoa na kijiko. Kitu kile kile, mikono miwili tofauti. Hata vile vidude vya vidoleni, mtu akikaa chumba kisicho na AC mwezi wa pili Dar atakuwa anatoka jasho la joto, utasema kasisimka na losheni kumbe hamna.

Vyuo vyetu vina maabara, vina wafamasia, vina madaktari wa ngozi, na vifaa vingi kati ya hivi havihitaji bajeti ya kiwanda. Waanze na sanskrini. Waende shule yenye watoto wenye ualbino Shinyanga au Mwanza, mchana wa jua kali, wawape aina mbili tatu zenye kinga sawa ila viungo tofauti, wawaonyeshe zile picha za sura kabla ya kupaka, baada ya kupaka, na baada ya mapumziko wakishacheza. Halafu warudi baada ya mwezi wapime uzito wa kila chupa, ile iliyopungua zaidi ndio waitengeneze kwa wingi.